Yai la Choroko kwa Dola 38

Dola 38 kamili. Nimeinyanyua hiyo risiti hadi kwenye mwanga wa dirisha, nikitumaini nukta imekaa mahali pabaya, pengine ni tatu nukta nane. Wapi! Ni 38, na chini yake wameacha mstari mtupu, mrefu kuliko yote, ili mimi mwenyewe kwa hiari yangu niandike naongeza ngapi. Juu ya choroko!

Niwieni radhi, nimeanza kwa jazba. Mimi ni mtu mzima, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Muheza mwenye heshima zake, na nilipopanda ndege kumfuata binti yangu Marekani niliapa sitalalamika. Na kweli nimevumilia. Foleni ya saa moja na nusu ili mtu akazungushwe dakika mbili na kurudishwa pale pale, nimeivumilia. Chupa ya maji yenye bei ya kuku, nimeivumilia. Kiyoyozi unachokizima saa nne kikajiwasha saa nane usiku, tumelala na kanzu, tumemshukuru Mungu. Lakini staftahi, jamani.

Binti yangu Zaina ni vegani. Si wale wanaoacha nyama kwa sababu ya presha halafu Iddi wanakaa mbele. Huyu hali nyama, samaki, yai, maziwa, siagi wala asali. Nilimuuliza asali imekosa nini. Akasema, "Baba, ile ni mali ya nyuki." Haya. Chumbani hapa hotelini kuna vipakiti vya unga wa kutia kwenye kahawa, vimeandikwa wazi kwamba havina maziwa. Zaina akavaa miwani, akasoma yale maandishi ya sisimizi kwa nyuma, akakuta kaseini, nayo kaseini hutoka kwenye maziwa. Vikaishia kapuni. Neno lenyewe vegani, amenieleza, lilitungwa Uingereza mwaka 1944. Nikamwambia, mwanangu, 1944 Waingereza walikuwa vitani na nyama wanagawiwa kwa kadi. Mtu akikosa nyama si lazima atunge neno? Hakucheka. Mama yake alicheka, ila aligeukia ukutani kwanza.

Basi tuko Orlando, Florida, kwenye hoteli ya hapo hapo penye mabembea na magari ya kupaa, kwa kuwa mjukuu wangu ametimiza miaka sita na alikuwa analia tangu Januari. Kila kitu hapa kina sura ya kikaragosi: sabuni, zulia, taa, mpaka kadi ya kufungulia mlango. Jana Zaina, asiyekula mnyama, alikula andazi la kuchomwa lenye sura ya mnyama, akaanzia sikioni. Sikusema kitu. Nimeapa.

Leo asubuhi wenzangu wakashuka bwawani, mimi nikabaki kitandani kama sultani wa Zanzibar. Macho yakatua kwenye simu. Shetani akanong'ona: agiza mayai mawili ya kukaanga, kiini kitikisike, yale yaishe, pulizia manukato ya mama Zaina, nani atajua?

Nikapiga. Ikapokelewa kabla haijaita vizuri.

"Habari za asubuhi, Bi Zaina!"

Sauti yangu ni ya kuadhinia. Nikakohoa kidogo ili aisikie. "Mimi ni baba yake."

"Karibu sana, Bi Zaina. Tukuletee nini?"

Nikaona tusigombane, jina si kitu, njaa ndiyo kitu. Nikaomba mayai mawili. Kimya. Nikasikia vidole vinagongagonga kompyuta.

"Samahani, naona hapa chumba chenu ni vegani."

Nikakiangalia chumba. Kitanda, pazia, televisheni. "Chumba?"

"Ndiyo. Kimeandikishwa hivyo tangu siku mliyoweka nafasi."

Nina miaka sitini na saba. Nimepanga nyumba zisizotaka wageni, nimepanga nyumba zisizotaka mkaa, nimepanga nyumba ambayo mwenye nyumba alikuwa anahesabu ndoo za maji. Chumba chenye mwiko wa chakula ndiyo mara yangu ya kwanza. Nikamweleza yule dada kwa Kiingereza changu cha ubaoni, taratibu, kwamba ndani tuko wanne: mmoja ni vegani, mmoja ni mtoto, mmoja ni mke wangu ambaye simsemei, na wa nne ndiye huyu anayezungumza, naye anakula chochote alichohalalishiwa na Mola wake.

"Nimekuelewa kabisa," akasema, na kwa jinsi alivyosema nikajua tumepotezana. "Je, kuna mwenye aleji ya karanga, ngano, soya, maziwa, ufuta?"

"Hakuna. Mimi nataka yai."

"Aleji ya yai. Naandika."

"Usiandike! Sina aleji ya yai, nina hamu ya yai!"

Akaniomba nisubiri. Ukaja muziki, kisha akaja mpishi mwenyewe, sauti nzito na pole, kama ya daktari aliyeshika majibu. Akaniambia mambo ya aleji hawayafanyii mzaha, kwamba kuna kikaango chake na mwiko wake, na kwamba kukitoa chumba kwenye uvegani anatakiwa aseme mwenye kuweka nafasi.

"Yuko bwawani," nikasema.

"Hakuna tabu, tutatuma mtu akamuulize kama anaridhia baba yake ale mayai."

"Msitume mtu!"

Nadhani hata wa chumba cha pili walisikia. Mpishi akapumua. Akasema kwa upole kuwa wanalo yai la kivegani, linafanana kabisa na lenyewe, watu hawajui tofauti. Nikauliza linatoka wapi. Akataja kitu kwa Kiingereza ambacho katika miaka yote ya kufundisha sikukutana nacho. Nikasema lete, na juisi ya chungwa.

Dakika arobaini. Hodi. Kijana anasukuma kitoroli chenye kitambaa cheupe na sahani iliyofunikwa kawa la chuma linalong'aa, unajiona uso humo umevimba pande zote mbili. Akafunua kama anafunua kaburi la mfalme. Ndani: kitu cha manjano kimekunjwa mara mbili, mkate mmoja, na parachichi vipande vinne. Nimevihesabu. Watu wa Lushoto, nyinyi mnaoyaacha yaozee chini ya mti, mnanisikia?

Tonge la kwanza, yai. La pili, jirani wa yai. La tatu likanipeleka moja kwa moja jikoni kwa bibi yangu. Nikaweka uma chini, nikamuuliza kijana hiki ni nini hasa. Akatoa simu yake akanionyesha picha: punje ndogondogo za kijani, zina kovu jeupe ubavuni.

Choroko.

Mimi choroko nazijua moja moja. Nimezichambua kwenye ungo, pishi nzima, natoa mawe, kwa adhabu ya kuchelewa chuoni. Wala sizidharau, choroko za nazi kwa wali ni chakula cha watu wenye akili. Lakini choroko za kwetu hazijawahi kusimama mbele yangu zikadai zimetagwa.

Ndipo ikaja risiti. Sahani 19, juisi 7. Asilimia 18 ya huduma. Dola 5 za kuleta, yaani za kuvuka kapeti kutoka kwenye lifti. Kodi asilimia 6.5. Jumla yake kwa shilingi zetu si mbali na laki. Kwa laki moja namnunua kuku, anataga, anatotoa, ukoo unasimama.

Kijana aliona nimebadilika rangi. Kumbe ni mtu wa Haiti. Akaniambia kwao asubuhi wanakula tambi. Nikamwambia kwetu pia tambi zipo, za sukari na iliki. Akasema zao zina samaki wa moshi. Tukatazamana kwa heshima. Tulikuwa tumefika kwenye ndizi za uji wakati mlango ulipofunguka, wakaingia wa bwawani wanatiririka maji.

Mjukuu akachungulia sahani. "Babu, kuku wake yuko wapi?"

Zaina yeye aliona karatasi, akasoma, akaniangalia, machozi yakamlenga. "Baba! Umeagiza ya kivegani mwenyewe? Bila mimi kukuambia?" Akanikumbatia na taulo lake bichi. Mama yake, nyuma yake, alikuwa ananusa hewa na kunitazama jicho la miaka arobaini ya ndoa. Ningesema nini? Nikasema afya ni muhimu. Sasa ameniwekea oda ya kesho na keshokutwa, pamoja na soseji ambayo sijauliza inatoka kwenye nafaka gani.

Na ile juisi, kwani nimeizungumzia? Dola 7, bilauri imejaa barafu. Huku Florida ya kati palikuwa mabwawa na michungwa kabla hawajaanza kufungua mabustani haya ya mabembea mwaka 1971, kisha baridi kali za miaka ya 1980 zikaimaliza mingi, pakajengwa. Yasingekuwa kwetu hayo. Chungwa la Muheza kijani lake halikudanganyi, unalimenya mzunguko mmoja bila kukata ganda, unakata kofia, unafyonza, magunia ya lumbesa yamekuzunguka barabarani kila upande. Nimepiga simu chini kuuliza kama naweza kuletewa chungwa zima na kisu. Wamesema, "Subiri kidogo, Bi Zaina," wanamuuliza mpishi.