Trekta la Zamani: Magurudumu, Uzito na Rangi Viamuliwe kwa Kigezo Gani?

Mtu akishapata trekta la miaka ya 1930, 1940 au 1950, na injini ikakubali kuwaka, maswali matatu humjia kwa mpigo: livishwe magurudumu gani, liongezewe uzito kiasi gani, na lipakwe rangi ipi. Hapo wapenzi wa mashine hizi hugawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba kila kitu kirudi kama kilivyokuwa siku trekta lilipotoka kiwandani, hadi upana wa tairi na maandishi ya ubavuni mwa boneti. Wapo pia wanaosema trekta liliundwa kulima, kwa hiyo lipewe chochote kitakacholiwezesha kulima salama leo, na rangi ni shauri la mwenye mali.

Kila upande una hoja nzito. Hata hivyo naamini swali linalopaswa kutangulia hoja zote hizo ni hili: je, ninachotaka kufanya kinaweza kutenguliwa na atakayelirithi trekta hili? Tairi lisilofanana na la kwanza hung'olewa kwa saa chache. Uzito hufunguliwa kwa spana. Spoku zilizokatwa, au rangi ya kwanza iliyopulizwa mchanga hadi chuma kikabaki kitupu, hazirudi tena. Nikilitanguliza swali hilo, sehemu kubwa ya ubishi hupungua nguvu.

Wanaotetea hali ya kiwandani wana kikwazo ambacho mara nyingi hukipita haraka: viwanda vyenyewe havikusimama mahali pamoja. Chukua Fordson N. Ilipokuwa ikiundwa Cork, Ireland, kuanzia 1929, ilikuwa ya kijivu. Kazi ilipohamia Dagenham, Uingereza, mwaka 1933, ikawa ya buluu yenye magurudumu ya chungwa. Mwaka 1937 ikageuzwa kuwa ya chungwa, kisha Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto ikapakwa kijani ili isionekane kirahisi kutoka angani. Farmall F-20 nayo ilitoka ya kijivu yenye magurudumu mekundu, hadi kampuni ya International Harvester ilipohamia rangi nyekundu Novemba 1936. Watu wawili wanaweza kuwa na modeli ileile, wakabishana kuhusu rangi, na wote wakawa sahihi. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha trekta ndiyo shahidi wa kwanza. Picha ya tangazo la zamani, na hasa trekta la jirani lililopakwa upya, ni mashahidi dhaifu.

Katika magurudumu, historia na usalama hugongana waziwazi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 matrekta mengi yalitembelea chuma kilichopigiliwa meno. Mwaka 1932 Allis-Chalmers walianza kuuza trekta lao la Model U likiwa na tairi za upepo, na wakulima walipotilia shaka, mwaka uliofuata kampuni ikamwita dereva wa mbio za magari Barney Oldfield aliendeshe kwa kasi hadharani. Mpira ulishinda haraka: ulikuwa laini kwa dereva, haukuharibu barabara, na ulipunguza mafuta yaliyopotea kwa kusukuma chuma kwenye udongo. Wakulima wengi waliokuwa na magurudumu ya chuma hawakununua mapya. Waliyapeleka kwa fundi, akazikata spoku na kuchomelea ringi za mpira kwenye ncha zake.

Sasa mtu amelipata trekta hilo lenye spoku zilizokatwa. Wa hali ya kiwandani atamwambia atafute magurudumu kamili ya chuma na kutupa haya yaliyochomelewa. Siafiki. Ukataji ule ni kazi ya miaka ya 1930 au 1940, ni sehemu ya maisha ya trekta kama ilivyo alama ya mnyororo kwenye bampa, na unaeleza namna watu walivyohama kutoka zama moja kwenda nyingine wakiwa na fedha kidogo. Kwa upande wa pili, aliye na magurudumu ya chuma yaliyo kamili asikubali kabisa kuyakata leo kwa sababu tu anataka kupita kwenye lami. Atafute seti nyingine yenye matundu ya bolti yanayolingana, na ile ya chuma aihifadhi mahali pakavu.

Anayeamua kurudi kwenye chuma ajue pia kwamba anabadilisha zaidi ya sura. Baadhi ya Farmall zilizouzwa na magurudumu ya chuma zilizuiwa kiwandani zisiingie gia ya barabarani, ile ya kasi kubwa, maana chuma hakimezi mtikisiko. Kinaupeleka wote kwenye ekseli, giaboksi na mgongo wa dereva. Ukiweka chuma kwenye trekta ambalo gia hiyo iko huru, kizuizi kinabaki kuwa nidhamu yako peke yake.

Kwenye tairi, tatizo kubwa ni namba. Vipimo vya zamani havisomeki kama vya sasa, kwa sababu utaratibu wa kupima upana ulibadilika. Tairi la nyuma lililoandikwa zamani 10-28 (upana, kisha kipenyo cha ringi, kwa inchi) leo linalingana na 11.2-28, na 11-28 linalingana na 12.4-28. Mtu asiyejua hilo huagiza tairi kwa kusoma namba ya zamani, akaletewa jembamba kuliko lililokuwapo. Mwingine hupanda saizi makusudi, akisema litakamata ardhi vizuri. Kutoka 11.2-28 kwenda 12.4-28 kimo cha tairi huongezeka kwa karibu asilimia 4 au 5, na kwa kiasi hichohicho kila gia inakuwa na kasi zaidi na nguvu kidogo ya kuvuta. Kwa trekta lenye gia tatu au nne tu, upungufu huo unasikika. Pia tairi pana likibanwa kwenye ringi nyembamba hutuna katikati, likawa linaisha meno ya katikati huku ya pembeni yakiwa hayagusi ardhi sawasawa. Ringi nyingi zimegongwa herufi W na namba. Namba hiyo ni upana wa ndani kwa inchi, na ndiyo ya kulinganisha na jedwali la mtengenezaji wa tairi kabla ya kulipa chochote.

Hapa nawaunga mkono watu wa kazi bila masharti: tairi lililopasuka ubavu litupwe hata kama ndilo lililotoka na trekta. Likiwa la maonyesho tu na haliendeshwi, sawa, libaki. Likitembea, hapana. Na wakati wa kuvalisha jipya, upepo wa kulikalisha kwenye ringi usipite psi 35. Likigoma kukaa, toa upepo, paka sabuni, anza upya. Ringi iliyoliwa na kutu inayopasuka wakati huo huua.

Uzito ni mada ninayoona inafikiriwa kidogo kuliko inavyostahili. Wengi huamini kwamba uzito ukiongezwa, trekta linakuwa na nguvu. Ukweli ni kwamba injini inabaki ileile; kinachoongezeka ni uwezo wa tairi kushika ardhi. Kwa trekta linalovuta kwa magurudumu mawili, kuteleza kwa asilimia 10 hadi 15 wakati wa kulima ni jambo la kawaida na lenye faida. Gurudumu linaloteleza kidogo linatoa nafasi ya kupumua kwa difu na giaboksi. Ukilifungia trekta la miaka 70 uzito mwingi hadi lisiteleze kabisa, mzigo wote unaishia kwenye meno ya gia ambayo huenda hayatengenezwi tena. Anayefanya hivyo anahamisha udhaifu kutoka kwenye mpira, unaonunulika, kwenda kwenye chuma kisichonunulika.

Historia yenyewe ina pande mbili juu ya hili. John Deere D, iliyoundwa kuanzia 1923 hadi 1953, ilitegemea uzito wake kuvuta plau la kukokotwa. Harry Ferguson aliliona jambo hilo kinyume. Ferguson TE20, iliyoundwa Coventry kati ya 1946 na 1956 kwa zaidi ya trekta nusu milioni, ilikuwa na takriban kilo 1,100 tu. Haidroliki yake, yaani mfumo wa kunyanyua zana kwa shinikizo la mafuta, iliunganisha plau na trekta kiasi kwamba ukinzani wa udongo ulihamishia uzito kwenye magurudumu ya nyuma pale hasa ulipohitajika. Kuirundikia TE20 vyuma kwa plau lake lenyewe ni kupinga wazo lililoiunda. Lakini TE20 hiyohiyo ikipewa kazi ya kukokota tela, ambayo haidroliki haiisaidii, uzito wa nyuma una maana. Jibu linategemea kazi, wala si modeli peke yake.

Ukikubali kwamba uzito unahitajika, kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni vyuma vya kusubu vinavyofungwa kwenye gurudumu kwa bolti. Ni ghali na ni vigumu kuvibeba, lakini vinaonekana, vinapimika, na vinatoka. Vile vya zamani vyenye jina la mtengenezaji vina thamani yake, na vya kuigiza vinavyosubiwa leo sioni ubaya wake iwapo mwenye trekta hafichi kwamba ni vipya. Wapo wanaotengeneza vya zege. Zege lina theluthi moja tu ya uzito wa chuma cha kusubu kwa ujazo uleule, kwa hiyo hutokeza nje sana, na hapo mguu wa anayepanda huwa hatarini.

Njia ya pili ni kujaza tairi kimiminika hadi karibu asilimia 75 ya ujazo wake. Tairi la 11.2-28 humeza zaidi ya lita 100, kwa hiyo kwa maji matupu ni zaidi ya kilo 100 kila upande, bila chuma chochote kuonekana. Kwenye nchi za baridi maji yalichanganywa na chumvi ya kalisi kloridi ili yasigande, na mchanganyiko huo ni mzito kuliko maji. Wenye kuitetea njia hii wanasema ilikuwa ya kawaida tangu zamani, nayo ni rahisi. Ni kweli. Lakini matundu ninayoyaona kwenye ringi za zamani, hasa kuzunguka tundu la vali, mengi yaliletwa na chumvi hiyo iliyovuja kwenye tyubu bila mtu kujua. Kwa ringi ambayo haipatikani tena, nasimama na vyuma vya bolti. Asiye na njia nyingine atumie kimiminika kisicholeta kutu, na kila atakapoona unyevu au kutu mpya penye vali asilichukulie kuwa jambo dogo.

Uzito wa mbele nao una somo lake. Unasaidia usukani ushike, na hupunguza kunyanyuka kwa pua. Haumlindi dereva aliyefunga mnyororo juu ya ekseli ya nyuma. Trekta la namna hiyo hupinduka kinyumenyume kabla hajawahi kukanyaga klachi. Mzigo ufungwe kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, kisha ndipo tuzungumzie uzito.

Nabaki na rangi, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasiwe na haraka. Hoja ya kupaka upya inaeleweka: rangi huzuia kutu, na trekta linalong'aa linatunzwa zaidi kuliko linaloonekana chakavu. Shida ni kwamba trekta linalong'aa kama gari jipya halikuwahi kuwapo. Kiwandani matrekta mengi yalipuliziwa rangi yakiwa yameshaunganishwa, bolti na mabomba kwa pamoja, na michirizi ikaachwa ilipotiririka. Kupaka kila kipande peke yake kwa rangi ya kung'arisha ni kutengeneza kitu kipya na kukiita cha zamani. Wala si ajabu kuikuta TE20, iliyotoka ya kijivu mwili mzima, imepakwa nyekundu na kijivu za Massey Ferguson 35 iliyokuja baadaye.

Kwa hiyo, rangi ya kwanza ikiwa bado imeshika sehemu kubwa ya mwili, nasihi iachwe. Osha mafuta na matope, sugua kwa mkono, funika kwa nta. Mafuta ya kitani yaliyopikwa hufanya kazi pia, ila hugeuza rangi kuwa nyeusi kadiri miaka inavyokwenda, na matambara yaliyofyonza mafuta hayo yakirundikwa hujiwasha moto yenyewe; yatandazwe nje yakauke au yalowekwe majini. Hata pale rangi inapokuwa imekufa, tafuta kipande kilichojificha chini ya tangi au nyuma ya beji, ukifanye sampuli ya kuchanganyia mpya, kisha kiache bila kukigusa.

Wanaokwangua wajilinde. Rangi za zamani za chungwa, njano na nyekundu mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na msasa mkavu hugeuza risasi hiyo kuwa vumbi la kuvutwa puani. Mchanga wa kawaida wa kupuliza una silika inayoharibu mapafu, hupinda mabati membamba ya boneti, na hujipenyeza kwenye beringi. Rangi za kisasa zenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha rangi iwe ngumu, ni imara dhidi ya jua na mafuta, lakini nyingi za hadina hizo zina isosianeti, sumu inayoweza kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya vumbi haiizuii. Inahitajika ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Asiye nayo atumie rangi ya enameli isiyo na hadina. Itafifia mapema, itaguswa upya kwa brashi, na kwa kweli hukaribia zaidi sura ya kiwandani.

Inabaki hali moja inayonilazimisha kulegeza msimamo. Boneti ikiwa imeanza kutoboka, na kutu imejificha chini ya rangi ya kwanza iliyovimba, kuiacha ilivyo ni kuchagua kuipoteza rangi na bati kwa pamoja. Hapo napiga picha kila upande, napima mahali maandishi yalipokaa, nahifadhi kipande kizima kuliko vyote, kisha nakwangua hadi kwenye chuma, napaka praima ya kuzuia kutu na rangi ya mwaka uleule ambao namba ya trekta inautaja. Madigadi ya trekta hilohilo, kama bado ni mazima, hayaguswi, hata kama rangi ya pande mbili haitafanana.