Makato yamekatwa, deni limebaki: nani asafishe jina la mkopaji?

Mtumishi wa umma Zanzibar anaweza asikose kulipa mkopo wake hata mwezi mmoja, na bado akasomeka kwenye mfumo wa taarifa za wakopaji kuwa mdaiwa sugu. Fedha zimekatwa kwenye mshahara wake, zimechelewa kufika benki, na mfumo umeandika kile ulichokiona: siku 30 bila malipo, halafu 60, halafu 90, na ikifika hapo mkopo unahesabiwa kuwa chechefu, yaani usiolipika. Siku anayokwenda kuomba fedha za kupaulia nyumba Fuoni au Machomane, afisa mikopo anamwambia ana rekodi mbaya. Katika wote wanaohusika, yeye ndiye wa mwisho kujua.

Nianze na upande wa mfumo, kwa sababu wengi wetu tunauona kama kitanzi tu, na hilo si haki. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni za taarifa za wakopaji mwaka 2012. Kwa kanuni hizo mabenki yanapeleka habari za mikopo yao kwenye kanzidata, na kampuni binafsi zenye leseni, Creditinfo Tanzania ikiwa mojawapo, zinazichakata na kuwapa wakopeshaji ripoti. Bila ya kitu kama hicho, mtu anaweza kukopa benki tatu kwa mshahara mmoja, na anayebeba hasara ni mwenye akiba aliyeweka fedha zake kwa amani. Mwaka 2017 mikopo chechefu nchini ilivuka asilimia 10 ya mikopo yote, wakati kiwango ambacho Benki Kuu inakivumilia ni asilimia 5. Miaka ya karibuni imeshuka chini ya hapo. Sababu ni nyingi, lakini benki kumjua anayeomba kabla ya kumpa ni mojawapo.

Kwa Zanzibar iko faida nyengine, ambayo kwangu ndiyo kubwa. Ardhi yetu ni mali ya Serikali, na nyumba nyingi za Ng'ambo na za mashamba hazina hati ya matumizi ya ardhi ya kuwekea rehani. Muuza samaki wa Malindi au mkulima wa mwani wa Paje hana cha kuweka mezani isipokuwa historia yake ya kulipa. Rekodi ikitunzwa vizuri inakuwa dhamana ya asiye na hati. Kwa hivyo siko pamoja na wanaotaka mfumo huu uondolewe. Lakini kwa hoja hiyohiyo, ukimharibia rekodi mtu wa namna hii, umemnyang'anya mali pekee aliyokuwa nayo mbele ya benki.

Makosa yanaingia kwanza kwenye majina. Wengi wetu hatutumii jina la ukoo. Mtu anaandikwa kwa jina lake, la baba na la babu, na majina yenyewe yanazunguka: Ali Khamis Ali, Khamis Ali Khamis, Juma Ali Juma. Karani asiye mwenyeji anaandika Hamisi pahala pa Khamis, Saidi pahala pa Said, Mbaruku pahala pa Mbarouk. Wazee waliosajiliwa ukubwani wana tarehe za kuzaliwa za kukisia, na karatasi moja haifanani na nyengine. Juu ya hayo Mzanzibari ana vitambulisho viwili: cha Mzanzibari Mkaazi, kinachotolewa sasa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na cha Taifa chenye namba ya NIDA ya tarakimu 20. Mkopo wa zamani ulifunguliwa kwa kitambulisho kimoja, mpya kwa chengine, na mfumo ukamuona mtu mmoja kuwa wawili. Au, na hili ndilo baya zaidi, ukawaona watu wawili kuwa mmoja. Benki ni jambo la Muungano. Usajili wa wakaazi ni wa Zanzibar. Anayelazimika kuzioanisha karatasi za pande hizo mbili ni mkopaji mwenyewe, kwa nauli yake.

Laini za simu nazo zimo. Usajili wa alama za vidole ulipofikia ukomo Januari 2020, wengi ambao hawakuwa na namba ya NIDA waliwaomba ndugu wawasajilie. Mkopo mdogo ukichukuliwa kwenye laini hiyo, unamfuata aliyeweka kidole. Kila mtu apige *106# aone ni laini ngapi ziko kwa jina lake. Ni kazi ya dakika moja.

Lakini kosa linaloumiza watu wengi waaminifu ni lile la makato. Chukua slipu ya mshahara ya mwalimu wa skuli Wete. Juu uko mshahara wote, chini yake kodi, kisha mchango wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, halafu mstari wa mkopo wa benki, tuseme shilingi 180,000, na mwisho kabisa kile anachokwenda nacho nyumbani. Mstari ule unamwambia amelipa. Hana namna ya kwenda dirishani kulipa kwa mkono wake, maana kwa mkataba anayelipa ni mwajiri. Fedha inatoka kwa mwajiri kwenda benki ikifuatana na orodha ya majina. Orodha ikiruka jina moja, au namba ya akaunti ikikosewa tarakimu moja, fedha inakaa benki kwenye akaunti ya muda ikisubiri mwenyewe. Imetoka kwa mwalimu, imefika benki, na deni halijapungua hata senti. Wengine yanawakuta wanaponunuliwa mkopo: benki ya pili imelipa deni lote la benki ya kwanza, lakini agizo la kusimamisha makato limechelewa, na mwezi huo anakatwa mara mbili. Au benki ya kwanza haikurekebisha rekodi yake, na deni lililokwisha linaendelea kusomeka kuwa hai.

Benki zina hoja, na ni nzito. Zinasema: sisi tunaandika kilichoingia, na hakikuingia kitu. Tukianza kuandika tunachoambiwa badala ya tunachokipokea, daftari litakuwa la porojo. Zinasema pia kwamba kama lalamiko peke yake linatosha kusimamisha rekodi mbaya, kila asiyetaka kulipa atalalamika, na atakayelipia ni mkopaji mwema, kwa riba kubwa zaidi. Mwajiri naye ana lake: fedha za mishahara zinaweza kuchelewa kwa sababu zisizokuwa mikononi mwa mhasibu wa wizara.

Nakubali hoja ya pili kwa sehemu kubwa. Ya kwanza inanishinda kuikubali. Rekodi ile inasema kweli kuhusu fedha, kwamba haijafika, lakini inasema uongo kuhusu mtu, kwamba hakulipa. Ripoti ya mkopaji haisomwi na mhasibu anayetafuta fedha ilipokwama. Inasomwa na mkopeshaji anayetaka kujua tabia ya mtu. Kuipeleka kwake habari ya kuchelewa kwa ofisi ikiwa imevishwa jina la mwalimu ni kumpa jibu la swali asilouliza.

Na sisi tuna msingi wetu wa kulipima jambo hili. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qur-ani, inaamrisha deni liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Kisha inasema anayetoa maneno ya kuandikwa awe ni yule mwenye deni juu yake. Mkopeshaji anapata maandishi anayoyahitaji, na mkopaji anapata sauti ndani ya maandishi hayo. Mfumo wetu umeishika nusu ya kwanza barabara. Nusu ya pili ipo kisheria tu: kanuni zinampa mkopaji haki ya kuiona ripoti yake na kupinga kosa, lakini ni wangapi Micheweni au Makunduchi waliowahi kuiona kabla ya kukataliwa mkopo?

Asidhani mtu kuwa haya ni maradhi ya visiwani. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti: mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa lililothibitika na kurekebishwa katika angalau ripoti moja ya mikopo, na kwa asilimia 5 kosa lilitosha kumuongezea mtu gharama za kukopa. Na hiyo ni nchi yenye sheria tangu 1970, inayotaka lalamiko lichunguzwe, kwa kawaida ndani ya siku 30, na habari isiyothibitika iondolewe. Jirani yetu Kenya mwaka 2020 iliamua deni lisilofika shilingi 1,000 za huko lisimchafulie mtu jina. Makosa hayamaliziki, kinachotofautisha nchi na nchi ni nani anayebeba mzigo wa kuyaondoa.

Kwetu mzigo huo unabebwa na mkopaji, na hapo ndipo ninapotaka pabadilike. Kwa mikopo ya makato, slipu ya mshahara itoshe kuwa ushahidi wa malipo kwa upande wa mtu. Benki ikiioneshwa, rekodi iwekewe alama kwamba inabishaniwa, na ucheleweshaji uandikwe kwa mwajiri. Hili halimpi mwanya mlipaji mbaya, kwa sababu slipu haitoki kwake. Atakayekuwa hana slipu aendelee kuthibitisha kwa njia za kawaida. Na aliyepeleka taarifa yenye kosa ndiye apeleke ya marekebisho, akimpa mkopaji barua, badala ya kumtuma apande meli kutoka Mkoani kufuata saini Unguja.

Watakaobaki nje ya njia hii ni wafanyakazi wa mahoteli. Mwaka 2020 utalii uliposimama, wako waliokuwa na mikopo ya makato kwa waajiri waliofunga milango, na slipu ya mwajiri aliyekwisha kuondoka haina wa kuithibitisha. Taarifa ya michango ya ZSSF itaonesha kuwa mtu alikuwa kazini, haitaonesha makato ya benki. Kwa hao ningetaka benki yenyewe, iliyomkubali mwajiri yule kuwa mkusanyaji wake, ibebe fedha alizozikata na asizifikishe, na mfanyakazi adaiwe kuanzia mwezi ambao mshahara wake ulikoma.