Volti 12 Haziumi

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya radi: mpishi wangu wa safari, anayewaambia kuwa nilipigwa na umeme nikazimia, ni mwongo. Sikuzimia. Kelele nilipiga, na zilifika mpaka mahema ya mwisho kabisa, lakini kuzimia sikuzimia.

Tulikuwa Simba Campsite, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, baridi ya kukata masikio. Lile Land Cruiser la tajiri, lenye kitanda na jiko ndani (mnaolijua mnalijua), taa zikaanza kufifia wageni wakiwa na vijiko mkononi. Fyuzi nzima. Betri ya ndani inasoma 12.6, imejaa. Nikaweka mita kati ya hasi ya taa na hasi ya betri, taa ikiwa imewashwa: volti 7! Pale panatakiwa karibu na sifuri. Basi ni arthi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye betri, na arthi ya gari lile imefungwa kwenye bodi, chini ya kitanda, pembeni kabisa. Fundi aliyeifunga sijui alipitia wapi.

Nikavua buti nisichafue godoro la watu, nikaingia kwa tumbo kupitia mlango wa nyuma, miguu ikabaki inaning'inia nje. Bibi mmoja wa Kijerumani akauliza kama ni salama kushika nyaya namna ile. Jamani, nilimjibu kwa madaha! Nikamweleza kuwa volti 12 ukizishika kwa mkono mkavu huzisikii kabisa, cha kuogopa ni shoti ya kuunguza nyaya. Nikamalizia, "Umeme huu hata mbu haumuui, mama." Mpishi alikuwa pale pale, anasikia.

Nikaukamata waya, nikaugusisha kwenye bolti. Taa zikawaka, wageni wakapiga makofi. Nikauachia, zikazima. Nikaukamata tena, na hapo hapo, kwenye unyayo wa kushoto, kitu. Cha baridi. Kimelowa. Kikafuatiwa na vijisindano, vingi, vinapanda taratibu kutoka kisigino kwenda vidoleni. Waya mkononi, sindano mguuni: nyie mngewaza nini? Mimi niliona umeingilia mkononi unatokea mguuni. Nataka kuuachia, vidole havitaki. Halafu zile sindano zikapumua. Zikapumua, wadau! Pumzi ya moto katikati ya vidole.

"UMENISHIKAAA! ZIMENI BETRI!"

Nikainua kichwa, mbao za kitanda zikanipokea.

Alikuwa nguruwe pori. Mliowahi kulala Simba mnawajua, usiku hupita kutafuta mabaki ya jikoni. Na jioni ile supu ya maboga ilikuwa imemwagikia buti langu mpaka ndani, soksi yenyewe ina tundu. Aliyeimwaga ni mpishi huyo huyo mnayemwamini.

Ya baadaye hayana maana: nguruwe kakimbia, bibi kazima swichi kuu kweli, tukabaki gizani. Nikakwangua rangi na kutu kwa kisu cha jikoni, nikakaza bolti, tukawasha, mita ikasoma 0.1. Leo asubuhi geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, madereva wananiamkia, "Shikamoo, shoti."

Imebaki taa moja juu ya jiko, inapepesa. Ipepese. Anayeihitaji ni mpishi, na chini ya kitanda nafasi ipo.