Mlipeni Kwanza, Mikopo Baadaye

Ninafanya kazi ya uhasibu katika karakana ndogo ya useremala hapa Ujerumani. Wateja wetu wengi ni shule za umma. Tukishapeleka ankara hatumfuati mtu ofisini, kwa sababu direktiva (agizo la kisheria) ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inaipa taasisi ya umma siku 30 za kulipa. Zikipita, riba inaanza kuhesabika, angalau pointi 8 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Ulaya, na fidia ya euro 40 juu yake. Si kwamba Ulaya yote inatii. Mwaka 2020 mahakama ya Umoja huo iliikuta Italia na hatia ya kutohakikisha ofisi zake zinalipa kwa wakati. Lakini mdai ana sheria ya kushika mkononi.

Kwetu Kenya, binamu yangu ni seremala pia. Serikali ilitenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, naye akapata ya madawati katika kaunti moja. Alikopa benki akanunua mbao, akalipa mafundi, akapeleka madawati yote. Tangu hapo kazi yake kubwa ni kufuatilia malipo. Nimeiona ile nakala ya ankara: ina mihuri mitatu, na mikunjo imechakaa kwa kutiwa na kutolewa mfukoni. Leo anaambiwa mkubwa yuko mkutanoni, kesho Hazina ya Taifa haijatuma pesa. Ikipita Juni 30, mwaka wa fedha umefungwa na deni linavushwa hadi mwaka unaofuata. Akiingia gavana mpya, inaundwa kamati ya kuhakiki madeni, na foleni inaanza upya.

Benki haingoji kamati. Wala kodi haingoji: kwa kuwa amesajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilibidi alipe asilimia 16 ifikapo tarehe 20 ya mwezi uliofuata ankara, kwa pesa ambazo hajazitia machoni. Mfanyabiashara mdogo anaikopesha serikali bila riba, kisha anailipa kodi ya mkopo huo!

Ndiyo maana sifurahii mikopo inapopigiwa debe. Hazina ya Hustler, mfuko wa serikali wa mikopo midogo uliozinduliwa Novemba 2022, ilianza kwa kukopesha mtu binafsi kati ya shilingi 500 na 50,000. Inamfaa mama mboga anayetafuta mtaji wa siku, sikatai. Ila seremala anayedai mamia ya maelfu hahitaji deni jingine. Anahitaji jasho lake.

Wabunge wetu watupatie sheria yenye meno: siku 30, riba inayojihesabu bila mdai kubembeleza, madeni madogo yatangulie kulipwa, na VAT idaiwe siku malipo yanapoingia kwenye akaunti.