Mtani aliyelala kaburini

Siku tuliyomzika babu kule Songea, padri alikuwa ameshavaa na jeneza limeshatolewa nje, mazishi yakakwama. Mzee mmoja wa Kihehe, jirani wa miaka mingi, alikuwa ameshuka kaburini akajilaza chali, koti la marehemu mwilini. "Hapa pangu," akasema kutoka chini. "Huyo Mngoni wenu mtafutieni pengine." Bibi, ambaye tangu jana yake hakuwa amefungua kinywa, alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Wajomba wakachangishana, wakamrushia noti mojamoja, naye zile chakavu akazikataa. Alipotosheka alitoka, akavua koti, akashika sepetu. Shimo lenyewe alikuwa amelichimba yeye na wenzake tangu alfajiri.

Huo ndio utani ninaoujua. Kwa hiyo nikisoma vichekesho vya makabila kwenye magrupu, Mpare na ubahili wake, Mchaga na pesa, Mhehe na ulanzi, nacheka kama wengine, ila siuiti utani. Anayeandika hana mtani. Ana simu tu.

Asili ya jambo hili si kicheko. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na baada ya kuhamahama kwingi wakafika Songea. Miaka ya 1870 na mwanzoni mwa ile ya 1880 walipigana na Wahehe, kwanza enzi za Munyigumba, mtawala wa Wahehe, kisha za mwanawe Mkwawa, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Wazee wetu wanasema utani ulizaliwa hapo: mtu uliyeshindwa kumuua, na ambaye naye ameshindwa kukuua, utaishi naye vipi? Unamtukana, naye anakutukana, na kukasirika ni marufuku. Akipita na jogoo wako, huna pa kumshtaki.

Wanyamwezi waliupata kwa njia nyingine. Wao walikuwa wapagazi wa misafara ya Tabora na Bagamoyo, meno ya tembo begani, miezi njiani, wakikatiza Ugogo hadi Uzaramo. Mpagazi akifia njiani, ukoo wake uko mbali mno. Nani atamzika? Watu wa pale alipoangukia. Ndiyo maana Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana hadi leo, na ndiyo maana kazi kubwa ya mtani ipo msibani. Ndugu wamelegea kwa kilio, jirani anaona haya kuamrisha. Mtani yuko karibu kiasi cha kuja, na yuko mbali kiasi cha kutolia.

Wapo wanaosema haya yote ni ukabila uliovikwa nguo ya kicheko. Siwakubalii, kwa sababu utani una mipaka. Mhehe ana ruhusa kwangu mimi. Kwa Mchaga hana, Mchaga ana Mpare wake. Na ruhusa hiyo inalipiwa kwa jembe. (Redioni Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Sijawahi kusikia wakichimbiana kaburi, ingawa kuzikana kwa maneno wanazikana kila msimu.)

Lakini na mimi si msafi. Miaka miwili iliyopita tulifiwa na shangazi, Dar es Salaam, nami nilikuwa kwenye kamati. Kaburi tulilipia, likachimbwa na vijana wa kukodi ambao hata jina la marehemu hawakulijua. Akaja mzee mmoja, mtani, akaanza kuigiza shangazi alivyokuwa akitembea, pochi kwapani, shingo juu, na wanawake waliokaa mkekani wakaanza kuguna kwa kicheko. MC akashika maiki: "Wapendwa, tuheshimu ratiba." Mzee akarudi kwenye kiti chake cha plastiki, akatulia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwa yule MC. Ningeweza kumwambia amwache. Nikatazama saa.

Najua mjini watani wametawanyika, na makaburi yana taratibu zake. Ila yule alikuwa amekuja mwenyewe, kwa nauli yake, na kazi yake tulikuwa tumeshampa mtu mwingine.

Watu walipoanza kutawanyika alinifuata, akanivua kofia kichwani bila salamu, akaivaa. "Wangoni mna deni," akasema, akatembea zake hadi kituoni akapanda daladala. Kofia sijaidai.