Historia ya Kidato cha Tano: Upana wa Mada au Uzito wa Ushahidi?

Hapa Tabora, kama kwingineko nchini, mwanafunzi wa tahasusi zenye Historia, kama HGL, HKL au HGE, huwa na miaka miwili tu ya kusoma Historia kabla ya mtihani wa kidato cha sita, naye hupimwa kwa karatasi mbili: ya kwanza ikiegemea Afrika na Tanzania, ya pili ikiegemea dunia, ambamo hukutana na mapinduzi ya viwanda ya Uingereza, kuungana kwa Ujerumani mwaka 1871 na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Swali linalostahili kupimwa kwa makini ni iwapo upana huo unamjenga kijana, au unamjaza mambo mengi bila kumfundisha jinsi mwanahistoria anavyofikia uamuzi wake.

Wanaoutetea utaratibu uliopo wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Mtihani ni wa taifa zima, na insha yenye utangulizi, hoja zilizofafanuliwa na hitimisho husahihishika kwa kipimo kimoja, iwe imeandikwa Nzega au Newala. Mwalimu mwenye darasa kubwa na vitabu vya kuhesabika hana njia nyepesi ya kuwafikisha wote mwisho wa mada. Isitoshe, upana wenyewe ni wa lazima. Hakuna atakayeielewa Tabora ya karne ya 19 asipojua kwamba pembe za ndovu za misafara ziliishia kwenye viwanda vya Connecticut, Marekani, zikachongwa kuwa vibonyezo vya piano, au kwamba kitambaa kilichoitwa merikani kiliadimika katika pwani yetu wakati Wamarekani walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865. Anayetaka tusome ya kwetu peke yake anatunyima nusu ya maelezo ya hayohayo ya kwetu.

Hata hivyo, fungua daftari la mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Chini ya kila swali utakuta vichwa sita au saba vilivyopigiwa mstari, vingi vikiwa vimenakiliwa kutoka kwenye madesa yanayozunguka shule hadi shule. Kwa Mirambo wa Urambo, mtemi wa Wanyamwezi wa karne ya 19, vichwa hivyo hutaja biashara ya masafa marefu, bunduki, jeshi la rugaruga na mahali nchi yake ilipokuwa. Yote ni kweli, lakini hakuna mstari hata mmoja unaoeleza tumeyajuaje.

Ushahidi upo, na una mengi ya kufundisha. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe, nchi ya hapa Tabora, akielekea Ujiji kumtafuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone, akakuta Mirambo ameifunga njia. Aliungana na Waarabu wa Tabora kumpiga, wakashindwa vibaya, na ikambidi azungukie kusini. Katika maandishi yake ya safari ile, Mirambo ni mnyang'anyi. Mwaka 1876 wawili hao walikutana na kuchanjiana udugu wa damu, na Stanley yuleyule akaandika habari za mtu mtulivu, mwenye adabu na heshima. Mwanafunzi akiwekewa maelezo hayo mawili mezani, ataona mwenyewe kwamba mara ya kwanza mwandishi alikuwa ameshindwa vitani, na mara ya pili alikuwa akipita katika nchi ambazo jina la Mirambo lilitisha, hivyo alihitaji amani naye. Kisha aulizwe: waliochomewa vijiji na rugaruga wangemweleza vipi mtu huyo? Kwa maoni yangu, kipindi kimoja cha namna hiyo kina faida kuliko kurasa nyingi za vichwa vya kukariri.

Swali hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu historia ya nyumbani nayo ina hatari yake. Ni rahisi igeuke kuwa sifa za mashujaa. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, limeipa historia ya nchi nafasi inayostahili, lakini somo lililobeba jukumu la kulea maadili haliwezi kuachiwa peke yake kazi ya kuhoji ushahidi. Kazi hiyo ni ya Historia ya kidato cha tano na cha sita.

Pingamizi kubwa ni la haki. Mwanafunzi wa Tabora anaweza kutembea hadi tembe la Kwihara, nyumba walimokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872. Wa Mtwara hawezi. Pingamizi hili lina nguvu endapo tunadai ziara, lakini linapungua sana endapo dondoo la maandishi linachapishwa ndani ya mtihani wenyewe, ili kila mtahiniwa alisome palepale, alilinganishe na jingine, na kueleza lipi analiamini na kwa nini. Swali moja la aina hiyo katika kila karatasi, tena la lazima, lingebadilisha ufundishaji haraka kuliko waraka wowote, maana walimu hufundisha kinachotahiniwa. Usahihishaji ungehitaji semina na miongozo iliyoandikwa kwa uangalifu, na hiyo ni gharama halisi. Vipindi vya kazi hiyo vinaweza kupatikana bila kugusa historia ya dunia: vitolewe kwenye mada za kuingia kwa ukoloni na uchumi wake, ambazo sehemu kubwa mwanafunzi alikwisha kuzisoma kidato cha tatu.