Kompyuta ya zamani: kuiacha ilivyotoka kiwandani au kuibadilisha vifaa?

Wanaotunza kompyuta za zamani wamegawanyika, na ubishi wao hauishi. Wapo wanaotaka Commodore 64 ya mwaka 1982 ibaki na kila kitu ilichotoka nacho kiwandani, kuanzia kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) hadi pawasaplai (kifaa cha kuilisha mashine umeme), kwa kuwa kila kipande kinachong'olewa hupunguza ushahidi wa namna mashine ilivyoundwa. Wengine husema mashine isiyowaka haimshuhudii mtu chochote. Afadhali iwekewe vifaa vipya ifanye kazi. Pande zote mbili zina hoja nzito, ila kosa lao ni kuzungumza kana kwamba vipande vyote ni sawa. Vipo ambavyo ukiving'ang'ania vitaiua mashine, na vipo ambavyo haraka ya kuvibadilisha ndiyo inayoiua.

Kwenye betri sioni cha kubishania. Mbao mama nyingi za kompyuta zenye prosesa za 386 na 486, pamoja na Amiga 2000 na Amiga 500 Plus, zina betri ya nikeli na kadimi ya volti 3.6 iliyolehemewa ubaoni. Ikizeeka huvuja alkali, potasiamu hidroksidi, ambayo hutambaa juu ya njia za shaba na kupenya chini ya soketi. Mashine inaweza kuwaka vizuri leo, kisha baada ya miezi kibodi ikakataa, kwa sababu kwenye mbao nyingi betri iko jirani na tundu la kibodi na njia zake ndizo za kwanza kuliwa. Ikate kabla haijavuja. Ikiwa imeshavuja, paka siki nyeupe kwa mswaki ili asidi yake iizime alkali, suuza kwa maji yaliyokenekwa, malizia na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha acha ubao ukauke kabisa. Unaweza kuweka betri bapa ya CR2032 kwa waya mbali na ubao, lakini usisahau diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu: saketi ya ubao imeundwa kuchaji betri ya awali, na CR2032 haichajiwi. Bila diodi inaweza kuvimba au kupasuka.

Macintosh SE/30 na ndugu zake hutumia betri ya lithiamu ya volti 3.6. Nayo hupasuka, ila kinachotoka humo ni cha asidi, kwa hiyo siki haifai. Hutumika magadi ya kuokea yaliyochanganywa na maji.

Pawasaplai nayo haina huruma. Ile ya Commodore 64, iliyojazwa gundi ngumu ndani, hutoa volti 5 za DC na volti 9 za AC. Kidhibiti chake kikichoka, zile volti 5 hupanda hadi 6, 7 au zaidi, na chipu za kumbukumbu ndizo hutangulia kufa. Multimita, yaani kipima umeme, inapaswa kusoma kati ya 4.75 na 5.25. Tatizo ni kwamba inaweza kusoma 5.1 ikiwa baridi, kisha ikapanda mashine ikiwa imewaka kwa muda. Anayetaka uasili aihifadhi kabatini na awashie mashine pawasaplai mpya, hakuna kilichopotea.

Ndani ya BBC Micro na Apple II kuna kapasita za karatasi za chapa ya RIFA zilizokaa kwenye umeme wa ukutani. Ganda lake la manjano hupasuka nyufa ndogo, unyevu huingia, na siku moja hutoa moshi mzito chumba kizima. Iliyo kati ya nyaya mbili za umeme ibadilishwe kwa kapasita ya daraja X2 ya volti 275 AC yenye thamani ileile, mara nyingi mikrofaradi 0.1. Kapasita ya kawaida isiwekwe hapo hata kama namba zinalingana, kwa kuwa ya daraja hilo imetengenezwa isishike moto inapoharibika.

Kwenye kapasita za elektroliti, zenye kimiminika ndani, ndipo hoja ya wanaotetea uasili inapopata nguvu. Kuna homa ya kung'oa kapasita zote mara tu mashine inapofika mezani, hata kabla ya kupimwa. Kapasita za miguu mirefu kwenye mashine za miaka ya 1980 mara nyingi bado ni nzima. Kuzing'oa bila mashine nzuri ya kunyonya lehemu kunabandua padi na kuvuta mirija ya shaba inayounganisha tabaka za ubao, na ubao uliokuwa ukiwaka unageuka kuwa kazi ya wiki mbili. Pima kwanza: kama volti zimetulia, picha haichezi na sauti haina muungurumo, ziache.

Zile ndogo za kulehemewa juu ya ubao, za Macintosh Classic, SE/30, Amiga 600 na Amiga 1200, ni habari nyingine. Hizo huvuja karibu zote. Utaona lehemu imefifia rangi, sauti imepungua, na pasi ya kulehemu ikigusa hapo harufu ya samaki aliyeoza inapanda. Osha ubao kwanza, ongeza fluksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika) na lehemu mpya kwenye kila mguu, na usiinue kapasita mpaka lehemu ya miguu yote miwili iyeyuke. Ukiweka kapasita za madini ya tantali badala yake, angalia alama: mstari kwenye kapasita ya tantali huonyesha upande chanya, wakati alama nyeusi kwenye ile ya alumini huonyesha upande hasi. Anayefuata alama ya zamani bila kufikiri huzigeuza zote, na tantali iliyogeuzwa huwaka moto. Pia chagua volti mara mbili ya zinazopita hapo. Kwenye njia ya volti 12 weka ya 25.

Kuhusu hifadhi, wanaotaka vifaa vipya wanashinda kirahisi, kwani mabadiliko yenyewe yanarudishika. Kifaa cha Gotek chenye programu ya FlashFloppy hukaa mahali pa kiendeshi cha flopi na kusoma mafaili kutoka kwenye flashi. Kadi ya CompactFlash hukaa mahali pa diski ngumu ya IDE. Chomoa, rudisha cha zamani, imekwisha. Ukitumia kadi kubwa kwenye 386 au 486 ya mwanzo, BIOS, programu ya ubaoni inayoiwasha mashine, itaona MB 504 tu, kwa sababu haihesabu zaidi ya silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63. Lakini usikitupe kiendeshi. Flopi za zamani zinasomwa nacho, kupitia Greaseweazle, kifaa kinachounganisha kiendeshi na kompyuta ya leo, ambacho hunakili mawimbi ya sumaku yenyewe. Flopi yenye ukungu isafishwe kabla ya kuingizwa, la sivyo itachafua kichwa na kukwaruza zinazofuata.

Mwenye shaka atauliza: kwa nini yote haya, ilhali programu kama VICE huiga Commodore 64 kwa usahihi mkubwa bila vumbi wala hatari ya umeme? Kwa michezo na kwa kujifunza kuandika programu, jibu la kweli ni kwamba kuiga kunatosha. Mashine halisi hujitetea kwingine. Kichujio cha sauti cha SID 6581, chipu ya sauti ya Commodore 64, hutofautiana chipu hadi chipu, na Atari ST ya 1985 ina matundu ya MIDI (njia ya kuunganisha ala za muziki za kielektroniki) mwilini ambayo bado yanaendesha kinanda cha leo. Intaneti ndiyo isiyofaa: kompyuta hizi haziwezi usimbaji wa tovuti za sasa. Mashine ya DOS yenye kadi ya mtandao na mTCP, programu za mtandao za DOS, inatosha kuhamisha mafaili kwa FTP (njia ya zamani ya kutuma mafaili) ndani ya nyumba, basi.

Suala la vipuri litazidi kuuma. Mwaka 2024 Zilog ilitangaza kusitisha Z80, prosesa iliyokuwa ikitengenezwa tangu 1976. SID iliacha kutengenezwa zamani. Commodore 64 ziliuzwa kwa mamilioni, hivyo moja ikifa inaweza kutoa chipu zake kwa nyingine bila dhambi. Mashine iliyobaki chache ni jambo tofauti: hiyo toa betri, nakili ROM zake (chipu zenye programu za kudumu) kwa kisomaji cha EPROM, yaani ROM zenye dirisha ambazo mwanga huweza kuzifuta, funika madirisha hayo kwa kibandiko kisichopitisha mwanga, na usiiwashe hata kidogo mpaka pawasaplai ipimwe ikiwa na mzigo, nje ya mashine.